Mwahija wa Jasi Moja

Asubuhi ile Kibwana alikuwa akiwamba kitanda. Kamba zilikuwa zimelegea hata mtu akilala kiuno kinakaribia sakafu, na Mwahija alikuwa amelisema jambo hilo tangu mfungo ulipokwisha, kila akiamka, mkono kiunoni. Siku hiyo Kibwana akakikokota kitanda nje, akakilaza uani chini ya upenu, akakata kamba kuukuu zote kwa kisu, akaanza upya.

Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja huku anavuta, mmoja kule anapokea, anapitisha chini ya mti wa kitanda, anarudisha. Mwahija alikaa upande wa pili juu ya kibao cha mbuzi, akapokea kamba bila kuitazama. Macho yake yalikuwa kwa mjukuu.

Mjukuu ni Samia, mtoto wa binti yao Kibibi, hajatimiza miaka mitatu. Kibibi alikuwa upande wa Lindi na mumewe, kwenye mashamba ya mkonge, ana kichanga mgongoni. Huyu wa kwanza alimwacha Miteja kwa bibi yake, kama ilivyo ada ya watoto wa kwanza. Samia alikuwa amekaa vumbini na gunzi la hindi alilolifunga kitambaa. Mkononi alishika mwiba wa mndimu, ncha yake Mwahija amekwisha kuivunja. Akalipindua gunzi kifudifudi.

"Itauma," aliliambia.

"Kidogo au sana?" Mwahija aliuliza.

"Sana."

"Basi liambie sana. Usimdanganye mtoto wa watu."

"Gunzi lenyewe lishapukuchuliwa punje zote," Kibwana alisema. "Litaumia wapi tena?"

"Vuta kamba yako, Baba Kibibi. Hapa ni hospitali."

Samia alipomaliza na gunzi akamwendea babu yake, akamchoma shavu la mguu. Kibwana akaruka, akapiga ukelele. "Jamani, mke wangu ananiua!"

"Mwache akuchome," Mwahija alisema. "Mke mwenzangu ana haki yake. Mimi nimekuchoma kwa mdomo miaka yote hii hukusikia, yeye na ajaribu kwa mwiba."

Mtoto akacheka mpaka akakaa chini. Mtungi ulikuwa mtupu. Mwahija akainuka, akamwachia mumewe ncha ya kamba, akamwambia neno, akachukua ndoo akaenda kisimani.

Wanawake wa kisimani ndio waliomrudisha, wamembeba kwenye kanga. Alianguka akiteka maji. Macho yalikuwa wazi, ulimi hausemi. Wakamlaza juu ya mkeka, maana kitanda kilikuwa nje, nusu kina kamba, nusu kitupu. Alasiri hakuifikia.

Alizikwa. Kibwana hakulia. Si kwamba alijizuia, hakikutoka kitu. Alikula alipowekewa, alijibu alipoamkiwa, akakaa barazani na wanaume, miguu kaikunja, akatazama viatu vya watu. Wakasema ana subira. Hakuwa na subira, hakuwa na chochote.

Kila aliyekuja kumpa pole aliuliza jambo moja, wa mbali kwa wa karibu. Alitoa shahada? Kibwana alisema, "Alhamdulillahi," ambalo si jibu, nao wakalipokea kuwa jibu.

Kabla ya maziko, wanawake walipokwisha kumwosha, Kazija, mdogo wake marehemu, alitoka chumbani na jasi la fedha, lile pambo la sikioni, kwenye kiganja, akampa shemeji yake. Kibwana akafungua kasha. Ndani, kwenye kitambaa, kulikuwa na jasi la pili. Lile lililovaliwa lilikuwa jeupe, limekonda kwa kuguswa. Lile lililokaa kashani lilikuwa nene bado, limepiga weusi. Akayafunga pamoja.

Maana marehemu watu walimwita Mwahija wa Jasi Moja, na habari yake ni hii.

Alipokuwa msichana mdogo, shangazi yake alimkalisha kwenye kigoda amtoge masikio. Mwiba wa mndimu, uzi uliopakwa mafuta ya nazi, na maneno yale yale wanayoambiwa watoto wote: haiumi mwanangu, kama mbu tu. Sikio la kushoto likatogwa. Mwahija akainuka na mwiba bado unaning'inia, akaingia mihogoni, wakamtafuta mchana kutwa. Alirudi jioni kwa njaa. Tangu hapo hakutokea mtu wa kumgusa sikio la kulia, si kwa kiboko, si kwa halua.

Kibwana alipoposa, mama yake alikwenda mpaka Kivinje kwa sonara akaagiza majasi mawili ya fedha. Hakuna aliyemwambia. Siku ya harusi jasi moja likakosa pa kukaa, na watani wakapata cha kuimba wiki nzima: bwana harusi kaoa nusu, nusu nyingine kaiacha kwao. Kungwi akataka kulifunga kwa uzi lining'inie tu, watu wasione. Mwahija akakataa. Likawekwa.

Kibwana alimwuliza zamani, wakiwa vijana, kwa nini kitu kidogo hivyo kilimkaa moyoni.

"Angenidanganya adui ningeelewa," alisema. "Yule alikuwa shangazi yangu. Ananipenda."

Hakurudia tena maneno hayo, wala Kibwana hakuuliza tena.

Basi ikaja sindano ya buba, ule ugonjwa wa madonda. Watu wazima wa Miteja waliikubali upesi. Wengine mwanzoni walinong'ona kwamba dresa, mganga wa kuchoma sindano, ni mumiani, anachukua damu za watu, lakini mtu aliyekuwa na madonda mwili mzima akichomwa, wiki mbili tatu ngozi inarudi, mnong'ono ukafa. Watoto hawakuulizwa. Na akina mama walikuwa na tabia moja, haijaisha mpaka leo. Mtoto akilia, "Nyamaza, namwita dresa." Mtoto akikataa kula, "Dresa huyo anapita na sindano yake." Mwaka mzima mtoto anaogopeshwa kwa dresa, halafu siku moja anapelekwa kwa dresa huyo huyo, na mkono unaompeleka ni wa mama huyo huyo, na njiani anaambiwa wanakwenda kutazama ngoma.

Dresa mwenyewe, Likwata, Mmwera, alikuwa mtu mpole mwenye mikono myepesi. Alivuka mto Matandu kutoka Kivinje kila siku ya gulio, akatandika vyombo vyake kwenye baraza ya jumbe, akawasha stovu ya kuchemshia sindano. Ile stovu ilikuwa na mvumo. Ikivuma tu, vilio vinaanza njia nzima.

"Mnaniuza kwa watoto," Likwata alikuwa akiwaambia wanawake. "Kwangu nina wanangu wananipanda kichwani. Nikifika Miteja nimekuwa zimwi."

Siku moja Mwahija alipita pale na kikapu cha ufuta akaona wanaume wanne wamemkandamiza mtoto mmoja juu ya meza, mama yake amejificha nyuma ya ukuta, kaziba masikio. Akatua kikapu. Hakusema mengi. Alimwambia Likwata, "Nipe mimi," akamchukua yule mtoto, akaketi naye chini kwenye ngazi, akangoja mpaka pumzi zikarudi. Likwata ndiye aliyemwonyesha namna ya kushika: kifua kwa kifua, mguu wa mtoto katikati ya magoti, mkono mmoja juu kidogo ya goti, ili sindano isikatikie nyamani. Yaliyobaki aliyaleta mwenyewe.

Hakumfunika mtoto macho. Anayetaka kuona, aone. Alimwambia itauma. Alimwambia apulize kama anapoza uji wa moto, fuu, fuu, na mpaka uji upoe sindano itakuwa imetoka. Ikitoka, hakusema basi basi nyamaza. Alisema lia, nipo, mpaka umalize. Na mtoto wa Miteja akiachiwa alie mpaka amalize, anamaliza upesi kuliko unavyodhani.

Wanawake walimcheka. "Mtoto unamwambia itauma! Si unamliza kabla ya wakati?"

"Wangu analia mara moja," alijibu. "Wako analia kila akiona shati jeupe."

Wakacheka, lakini siku ya gulio walianza kumpitia. Mama Kibibi, twende basi. Alikwenda na mkono unanuka vitunguu, jasi lake moja linacheza sikioni. Watoto walizoea kulishika hilo jasi wakati wa kupuliza. Ndiyo maana lilikonda.

Samia naye akapata donda la buba kwenye muundi wa mguu. Siku ya sindano yake ya kwanza Mwahija hakuwapo, alikuwa ameitwa kwenye msiba kijiji cha pili. Kazija akampeleka. Kazija alimpenda mtoto, na hakutaka alie njiani. Akamwambia wanakwenda kula kalimati. Kweli alinunua kalimati gulioni, akampa moja mdomoni, na mtoto anatafuna wakamshika.

Baada ya siku hiyo Samia akiona kalimati anatapika. Akisikia stovu anazuia pumzi mpaka midomo inakuwa ya buluu. Mwahija aliporudi na kuhadithiwa hakumgombeza mdogo wake. Alikwenda kuchuma mwiba wa mndimu, akaokota gunzi. Walianza na gunzi, wakaja kwa kuku, wakaja kwa babu, mpaka mtoto akakubali kupakatwa na bibi yake barazani kwa jumbe. Sindano zikaingia, wiki hii na wiki ile. Donda likaanza kukauka. Ndipo ikaja asubuhi ya kitanda.

Kazija alihamia kwa shemeji yake kupika mpaka arobaini ipite. Samia alimfuata jikoni.

"Bibi yuko wapi?"

"Bibi kaenda Songo Songo kwa jamaa zake. Atakuletea pweza."

Kibwana alisikia, akaliacha lipite. Ndivyo watoto wanavyoambiwa. Naye kama angetokea mtu wa kumwambia hivyo angemshukuru.

Ikawa kila asubuhi Samia anachukua gunzi lake, anakwenda kukaa juu ya gogo pale njia inapoingia kijijini. Akiulizwa anasema, "Namngoja Bibi." Watu wakipita wanageuza uso. Jua likikaza, Kibwana anakwenda kumchukua. Kitanda kilikuwa bado uani. Kibwana alilala kwenye mkeka.

Siku ya gulio ikafika. Kibwana na Kazija wakampeleka mtoto. Alikwenda vizuri, hata anaruka ruka.

"Bibi yuko kwa jumbe?"

"Atakuja," Kazija alisema.

Pale barazani Samia alitazama nyuma ya mlango, akatazama chini ya meza, akatazama ngazi walizokuwa wakikaa. Stovu ikavuma. Akamwangalia Kazija, akamwangalia babu yake, akazuia pumzi. Midomo ikageuka. Likwata, sindano mkononi, akairudisha kwenye chombo.

"Hivi simchomi. Itamkatikia nyamani."

"Tumshike tu," Kazija alisema. "Shemeji, shika kichwa, mimi miguu. Mtoto gani anakumbuka?"

"Huyu," Likwata alisema. "Kalimati zako anazikumbuka mpaka leo, Bi Kazija."

Kazija akavuta kanga usoni.

Likwata alimsogeza Kibwana pembeni. "Shikamoo tena, Mzee, na pole. Nikwambie kweli?"

"Niambie."

"Donda limekauka juu, ndani bado. Buba ukiiacha njiani inaingia mfupani. Unamjua yule bwana anayekaa nyuma ya msikiti, anayetembea kwa ubavu wa wayo. Ilimwanza hivi hivi, mtoto. Sasa mawingu ndiyo hayo. Matandu ukijaa mimi sivuki mpaka mvua zikatike. Nina safari moja imebaki. Gulio lijalo, au basi."

"Nimesikia," Kibwana alisema.

Jioni ile alichukua mwiba uani, akachuchumaa mbele ya mtoto. Hakujua pa kuanzia. Mambo haya hayakuwa yake. Yake ilikuwa kuruka na kupiga kelele akichomwa.

"Gulio lijalo tutakwenda mimi na wewe," alisema. "Haiumi, mke wangu."

Neno lilimtoka lenyewe, kama mate. Samia alimtazama. Kisha akalichukua gunzi lake, akalificha mgongoni.

Kibwana akauacha mwiba karibu yake, akainuka.

Asubuhi hakungoja jua likaze. Alikwenda mwenyewe kwenye gogo, akaketi karibu na mtoto. Wakatazama njia. Akapita mtu na mzigo wa kuni, wakaamkiana, akaenda zake.

"Bibi hakwenda Songo Songo," Kibwana alisema.

Samia akamgeukia.

"Amekufa."

Lilikuwa neno ambalo hakuwa amelisema. Wengine walilisema mbele yake, yeye akitikisa kichwa.

Samia akafikiri. Juzi juzi tetea wa Kazija alikufa kwa kideri, akamwona anavyotupwa shimoni. "Kama tetea?"

"Kama tetea."

"Atakuja na pweza?"

"Hatakuja."

"Kesho?"

"Kesho hatakuja. Keshokutwa hatakuja."

Mtoto akaugeuza geuza mwiba wake. Akaweka mkono juu ya goti la babu yake, kama anavyoliwekea gunzi kabla ya kulichoma.

"Babu, unaumwa?"

"Naumwa."

"Kidogo au sana?"



"Sana," alisema.

Samia akauondoa mkono gotini.

"Yuko wapi?" aliuliza baadaye.

"Twende."

Akampandisha begani. Kazija aliwaona wanakata njia ya makaburini, akaacha mwiko, akatoka mbio mpaka kizingitini.

"Shemeji! Mtoto mdogo hapelekwi makaburini! Atashikwa na degedege!"

"Ameuliza," Kibwana alisema, akaendelea kwenda.

Udongo ulikuwa bado mwekundu, haujashuka. Vigingi viwili vya mti, kichwani na miguuni. Samia akashuka, akaupapasa udongo, akapuliza mchanga kidogo.

"Hapa?"

"Hapa chini."

"Kuna giza?"

"Sijui."

"Anaogopa?"

"Sijui, mke wangu."

Samia akatazama kigingi hiki, akatazama kile. "Nataka kukojoa," alisema. Kibwana akambeba upesi mpaka nje ya makaburi, kwenye majani, akamchutamisha, akasimama akiangalia upande mwingine. Walirudi nyumbani taratibu. Mtoto hakupata degedege. Kesho yake alipoamka alilichukua gunzi, akafika mpaka mlangoni, akasimama, akarudi ndani akaketi karibu na Kazija.

"Bibi kafa kama tetea," alimwambia.

Kazija akaangusha chungio, akajifunika uso kwa kanga. Samia akamngoja. "Lia," akamwambia, "mpaka umalize."

Gulio likafika, mawingu yameshuka chini. Kibwana alimbeba mtoto begani. Njiani Samia aliuliza:

"Nani atanishika?"

"Mimi."

"Wewe hujui."

"Sijui. Utanifundisha."

Barazani stovu ilikuwa inavuma. Kibwana aliusikia mwili wa mtoto unakakamaa mikononi mwake kama kuni. Akaketi kwenye zile ngazi, si kwenye kiti alichopewa.

"Kifua hapa," Samia alisema, sauti ndogo.

"Hapa?"

"Hapa. Mguu huku. Usinifunike."

"Sikufuniki."

"Msikilize, Mzee," Likwata alisema akivuta dawa. "Huyo kashahitimu. Mkono wako shusha, juu ya goti. Hapo. Marehemu nilimwonyesha hapo hapo."

Samia akainua mkono, akalitafuta sikio la babu yake. Akalipapasa, hakukuta kitu. Akabaki amelishika hivyo hivyo, sikio tupu.

"Itauma?"

"Itauma."

"Sana?"

"Sana. Halafu itapungua. Itabaki kidogo mpaka jioni." Hakuwa mtu wa maneno, haya yalimchosha. "Uji huo wa moto. Puliza."

Samia akavuta pumzi. Kibwana akaiona inakwama, midomo inabana. Akapuliza yeye kwanza, fuu, mbele ya uso wa mtoto, mzee mzima mbele ya gulio. Mtu akacheka nyuma. Akapuliza tena. Pumzi ya mtoto ikatoka. Fuu. Wakapuliza wote wawili, na sindano ikaingia, na Samia akapiga ukelele uliowatoa kuku chini ya baraza, akamng'ata babu yake bega akang'ang'ania. Kibwana hakuachia. Mguu haukucheza.

"Imetoka," Likwata alisema.

"Basi, basi, nyamaza mwanangu," Kazija alianza.

"Mwache," Kibwana alisema. "Haki yake."

Mtoto akalia. Watu wakanunua muhogo na chumvi, wakapita, naye akalia. Kisha akalia kidogo. Kisha akajifuta pua kwenye kanzu ya babu yake.

"Babu," alisema, "umepuliza vibaya. Umenitemea mate."

Likwata alicheka mpaka akaweka chombo chini. Akaukagua muundi, akabonyeza kandokando ya kovu. "Hii inatosha, Mungu akipenda. Kama mvua zitakawia nitapita kumtazama. Zisipokawia, mimi sina wasiwasi naye."

Hazikukawia. Usiku huo huo zilianza, na Matandu ukajaa, na hakuna aliyevuka.

Mvua ilipopumua kidogo, Kibwana alikitazama kitanda. Alikuwa amekiingiza ukumbini kisilowe. Akaifungua ncha ya kamba pale alipoifungia, kwenye fundo alilolifunga siku ile aliposikia kelele za wanawake wa kisimani. Samia akakaa upande wa pili juu ya kibao cha mbuzi. Akapewa kamba, akaitia mdomoni. Akapewa tena, akaiachia ikaanguka.

"Ondoka hapo, mke wa watu," Kazija alisema. Akamsogeza, akaketi yeye. Akapokea kamba, akapitisha chini ya mti, akarudisha. Walikwenda hivyo, vuta na pokea, mvua inadondoka upenuni.

"Shemeji," Kazija alisema hatimaye. "Nikuulize?"

"Uliza."

"Dada alitoa shahada? Watu wananiuliza. Nawaambia alitoa. Nimewaambia uliisikia wewe."

Kibwana akaikaza kamba kwa goti. Samia alikuwa amelala kifudifudi mkekani na gunzi lake, anawatazama wote wawili.

"Hakutoa," Kibwana alisema. "Alivyoletwa ulimi haukuwa wake tena. Na alipotoka hapa alikuwa mzima. Hakujua."

Kazija akaishika kamba bila kuivuta. "Basi alisema nini, neno lake la mwisho?"

Kibwana akamwambia, vilevile lilivyokuwa, Mwahija ameshainuka, ndoo mkononi, anamwachia ncha ya kamba:

"Shika hapo, Baba Kibibi, usiachie, ikilegea tutaanza upya. Nateka maji naja sasa hivi."